Mjumbe ni wa Nani?

Wazee wetu walisema mjumbe hauawi, na sababu yake ni wazi: maneno anayoyachukua si yake, ni ya yule aliyemtuma. Kwa hiyo, kabla hujamkaripia mjumbe wala kumsifu, yakupasa kwanza kumwuliza ametumwa na nani. Swali hili ni jepesi mlangoni pa nyumba, kijana wa jirani anapoleta habari ya msiba au ya arusi. Lipeleke Bungeni, mahali walipoketi watu wa rangi mbalimbali kwa niaba ya wengine, nalo hugeuka kuwa gumu. Huyu Mhindi aliyeketi pale, ametumwa na Wahindi? Na huyu Mzungu, je? Au wametumwa na Waafrika waliowapigia kura? Au tena, na hapa ndipo penye fundo, wametumwa na chama kilichokwisha kuandika majina yao kabla mpiga kura hajaamka siku ya uchaguzi?

Twajua wako wasomaji watakaosema kwamba mambo haya yamepita. Viti vya rangi vilifutwa katika Tanzania Bara tangu uchaguzi wa 1965, wala hatumwoni mtu anayevililia. Ni kweli. Walakini chama kingali kinashika mlango wa Bunge, na mlango huo ndio tunaotaka kuutazama. Na kwa kuwa sisi wenyewe tuliwahi kuwa na nchi yenye kura za rangi tatu, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Mwaka 1955 Serikali ya Kiingereza chini ya Gavana Twining ilipanga upya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Upande wa wajumbe wasio wa Serikali uliwekwa viti 30: kumi vya Waafrika, kumi vya Waasia, kumi vya Wazungu. Mpango huo uliitwa usawa. Hesabu ya watu ya 1957 ilionyesha Waafrika zaidi ya milioni 8 na nusu, na Wazungu wapatao 20,000. Basi Wazungu 2,000 walikuwa na kiti kimoja, na Waafrika zaidi ya 850,000 walikuwa na kiti kimoja. Mtu akikuwekea kibaba na gunia katika mizani, kisha akakuambia zimelingana, huna haja ya kwenda shule kujua kwamba amekushikia mizani vibaya.

Wajumbe hao waliteuliwa na Gavana. Ulipofika wakati wa kuwachagua kwa kura, ikatungwa sheria ambayo wazee wetu wangali wanaikumbuka kwa jina la kura tatu. Kila mpiga kura, awe Mwafrika, Mwasia au Mzungu, alilazimika kumpigia Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Aliyemchagua Mwafrika peke yake, kura yake iliharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura: ilimpasa mtu awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiasi kilichowekwa, au cheo fulani. Waliojiandikisha nchi nzima hawakufika hata 65,000.

Chama cha TANU kilikutana Tabora mwezi wa Januari 1958 kuamua kama kitaingia katika uchaguzi huo au kitaususia. Wajumbe wengi walikuja wakiwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Sheria ile ilimshika Mwafrika mkono na kumlazimisha aandike, kwa kalamu yake mwenyewe, kwamba nchi hii ina mataifa matatu yaliyo sawa kwa viti ijapokuwa si sawa kwa watu. Mwalimu Nyerere alisimama na kuwaomba waingie. Baada ya mabishano makali walikubali. Bwana Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka, akaanzisha chama chake cha African National Congress, akisema Tanganyika ni ya Waafrika na kura haiwapasi wengine.

Sasa tazama yaliyotokea. Waliotunga kura tatu walidhani kwamba, kwa kuwa kila mjumbe atahitaji kura za rangi zote, watapita watu wa maji ya uvuguvugu, wasiomwudhi yeyote, hasa wale wa chama cha UTP kilichoanzishwa 1956 na kupendwa na Serikali. Hawakufikiri kwamba TANU, chama ambacho wakati ule kiliwapokea Waafrika peke yao, kingeweza kuwaambia wafuasi wake: mpigieni Mzungu huyu, na Mwasia huyu. Ndivyo kilivyofanya. Katika Jimbo la Kaskazini walipita pamoja Bwana Solomon Eliufoo, Bwana Derek Bryceson, mkulima wa Kizungu, na Bibi Sophia Mustafa, mama wa Kihindi. Kusini, katika nyanda za juu za Iringa, alipita Bibi Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani. Uchaguzi huo ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na ulipokwisha UTP haikuwa na la kusema. Chombo kilichotengenezwa ili kukizuia chama cha Waafrika kilikuwa kimekabidhi chama hicho viti vya rangi zote tatu.

Watu wengi husimulia habari hii kwa kicheko, nasi pia hutuchekesha. Lakini tukiisha kucheka, swali la mjumbe latungoja pale pale. Mkulima Mzungu wa Kaskazini aliyemwogopa Nyerere kama moto, akaenda kumpigia mtu mwingine, angeweza kuuliza kwa haki: "Bwana Bryceson anasema kwa niaba ya nani? Kiti kile kimeandikwa jina la Wazungu, lakini waliomkalisha si Wazungu." Nasi twamjibu nini? Tukisema kiti si cha Wazungu bali ni cha nchi, basi kwa nini kikaandikwa jina la rangi? Tukisema ni cha Wazungu, basi mwenye haki ya kukijaza si TANU.

Jibu letu ni kwamba kosa lilikuwa katika kiti chenyewe. Kiti cha namna ile ni ahadi isiyoweza kutimizwa. Chamwahidi mtu wa rangi fulani kwamba atakuwa na mjumbe wake, halafu chamweka mjumbe huyo mikononi mwa wale walio wengi. Atakayepita ni yule anayewaridhisha walio wengi, naye atabaki na sura ya wachache bila kuwa na sauti yao. Sauti yake yaweza kuwa njema zaidi kuliko ile ambayo wachache wangeitoa, na kwa Bwana Bryceson na Bibi Chesham twaamini ilikuwa njema zaidi. Lakini wema wa mjumbe hauonyeshi ni nani aliyemtuma.

Jirani zetu wa Kenya walilionja jambo hili miaka miwili baadaye, tena kwa namna iliyo wazi kuliko kwetu. Katiba iliyokubaliwa London mwaka 1960 iliwatengea Wazungu viti kumi, Waasia vinane, na Waarabu viwili. Ili mjumbe asiwe kibaraka wa rangi nyingine, iliwekwa kanuni kwamba kwanza apigiwe kura na watu wa rangi yake na kupata angalau robo ya kura zao, ndipo apelekwe mbele ya wapiga kura wote. Katika Bonde la Ufa walishindana Wazungu wawili wenye majina makubwa, Michael Blundell na Ferdinand Cavendish-Bentinck. Kwa Wazungu wenzao, Cavendish-Bentinck alimshinda Blundell kwa mbali, na Blundell akaponea chupuchupu. Kura za wote zilipopigwa Februari 1961, Waafrika walimpa Blundell ushindi mkubwa. Akaingia katika Serikali pamoja na KADU, akawa Waziri wa Kilimo.

Msomaji, ungekuwa wewe ungesemaje? Wazungu wa Bonde la Ufa walionyesha kwa hesabu iliyo dhahiri ni nani waliyemtaka, nao wakapewa mwingine. Lakini huyo mwingine ndiye aliyekuwa tayari kuishi na jirani zake katika nchi inayobadilika, na yule waliyemtaka alikuwa msemaji wa wale waliotaka nchi isibadilike. Sisi twasema hadharani kwamba tunamwona Blundell alikuwa afadhali kwa Kenya, na hata kwa Wazungu wenyewe. Twasema pia kwamba hakuwa mjumbe wao. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na anayekubali moja tu ili lile la pili lisimsumbue, anajidanganya.

Turudi nyumbani. Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikuwa wa viti 71: viti 50 vilikuwa wazi kwa mtu wa rangi yoyote, 11 vilitengewa Waasia, 10 vilitengewa Wazungu, na wapiga kura wote waliandikwa katika daftari moja. TANU ilipata viti 70, na katika hivyo 58 havikupingwa na mtu. Kiti kimoja kilichopotea ni cha Mbulu, nacho kilichukuliwa na mwanachama wa TANU, Bwana Herman Sarwatt, aliyesimama bila idhini ya chama chake. Tunapenda kukikumbuka kiti hicho kimoja. Katika nchi nzima, ni Mbulu peke yake wapiga kura walikokataa jina lililoletwa na chama.

Katika ushindi ule palikuwa na jambo la ajabu ambalo watu hawalitaji sana. Wazungu na Waasia waliingia Barazani kwa bendera ya TANU, wengine wakawa mawaziri, na hali hawakuweza kuwa wanachama wa TANU. Kadi ya chama ilikuwa ya Mwafrika tu, hadi TANU ilipofungua mlango wake kwa raia wote mwaka 1963. Mtu aliweza kushika wizara ya nchi, lakini hakuweza kuketi katika mkutano wa tawi la chama mtaani kwake na kupiga kura ya nani awe katibu.

Chama kikifunga mlango wake kwa rangi, madhara yake hutegemea nguvu ya chama hicho. Chama kidogo kikifunga mlango, waliokataliwa huenda kwingine. Chama kinachoshinda kila uchaguzi kikifunga mlango, nchi yote imefungwa. Jambo hili lilikwisha kuonekana waziwazi katika jimbo la Texas huko Marekani, na kisa chake chastahili kusimuliwa hapa, maana chafundisha kuliko hotuba nyingi.

Katiba ya Marekani ilikuwa imekataza tangu 1870 mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi. Lakini Texas, kama majimbo mengine ya Kusini, ilikuwa na chama kimoja kilichoshinda daima, chama cha Demokrati. Wagombea wake waliteuliwa na wanachama katika uchaguzi wa ndani, na aliyeshinda humo alikuwa amekwisha kushinda. Siku ya uchaguzi mkuu ilikuwa ya kutia muhuri tu. Mwaka 1923 Texas ilitunga sheria ya kuwazuia watu weusi wasipige kura katika uchaguzi huo wa ndani. Daktari mmoja mweusi wa El Paso, L. A. Nixon, aliishitaki, na mwaka 1927 Mahakama ya Juu ikaifuta. Jimbo likabadili maneno, likasema chama chenyewe kitaamua ni nani mwanachama. Nixon akashitaki tena, akashinda tena mwaka 1932. Ndipo chama kikaamua katika mkutano wake, bila sheria yoyote ya jimbo, kwamba wanachama ni weupe tu. Na mwaka 1935 Mahakama ikasema hilo laruhusiwa, maana chama ni jumuiya ya watu binafsi, nacho kina haki ya kuchagua wenzake. Ilichukua miaka tisa zaidi, hadi kesi ya daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith, aliyetetewa na mwanasheria Thurgood Marshall, kabla Mahakama haijageuza hukumu yake mwaka 1944 na kukiri kwamba uchaguzi wa ndani wa chama ni sehemu ya uchaguzi wa nchi.

Muda wote huo mtu mweusi wa Texas aliyekuwa amelipa kodi ya kura aliweza kwenda kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa Novemba. Haki yake ilikuwa imeandikwa. Ila kila kitu kilikuwa kimekwisha kuamuliwa miezi michache kabla, katika nyumba ambayo yeye hakuruhusiwa kuingia.

Hatusemi kwamba TANU ilikuwa kama Demokrati wa Texas. Huko wenye nguvu walifunga mlango ili wanyonge wabaki nje. Kwetu wanyonge, waliokuwa wamezoea kuambiwa wakae kimya mbele ya Mzungu, walifunga mlango kwa muda ili wajifunze kusema wakiwa peke yao. Nia hizi mbili hazilingani hata kidogo, wala kiongozi wa TANU hakuficha kwamba alitaka mlango ule ufunguliwe. Lakini nia njema haibadili jinsi mlango unavyofanya kazi. Baada ya Uhuru, kadi ile ya rangi moja ingaliendelea, tungalikuwa na Texas yetu wenyewe, yenye maneno matamu zaidi. Kwa hiyo twauhesabu uamuzi wa kuufungua kuwa mmoja wa maamuzi makubwa ya miaka ile, ingawa haukupigiwa ngoma kama Uhuru.

Wala haukuwa uamuzi uliopendwa na wote. Ushahidi wake ni mjadala wa uraia wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Serikali ilileta muswada uliosema kwamba aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja akiwa amezaliwa humu, ni raia tangu siku ya Uhuru bila kujali rangi yake, na wengine wataweza kuomba kuandikishwa. Wajumbe kadhaa, na hao ni wa TANU hiyo hiyo, walisimama kuupinga: uraia uwe wa Mwafrika, Mhindi na Mzungu wangoje. Mwalimu Nyerere aliwajibu kwa ukali usio wa kawaida yake. Aliwafananisha na wale wanaoabudu rangi huko kusini mwa Afrika, akasema Serikali yake itajiuzulu iwapo muswada utaanguka. Muswada ukapita.

Hapa ndipo inapotulazimu kusema jambo linaloweza kuwaudhi marafiki zetu wanaochukia nguvu ya vyama. Katika saa ile nguvu ya chama ndiyo iliyomlinda mtu wa rangi iliyo chache. Wajumbe wangaliachwa wafuate hisia za waliowachagua, na hisia hizo baada ya miaka 70 na zaidi ya kutawaliwa zilikuwa kali, huenda mtoto wa duka la Tabora, ambaye baba yake alizaliwa Tabora, angaliamka siku ya Uhuru akiwa mgeni. Kiongozi wa chama aliwashika wajumbe wake wakashikika.

Lakini ulinzi ulioning'inia kwa mtu mmoja ni ulinzi wa namna gani? Angalikuwapo kiongozi mwingine, mwenye moyo wa Bwana Mtemvu, kamba ile ile ingaliweza kuvuta upande wa pili. Tukumbuke kwamba Bwana Mtemvu alipata nafasi ya kulipeleka neno lake kwa watu: mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Mwalimu, akapata kura kama 21,000, na mwenzake akapata zaidi ya milioni moja. Twafurahi kuona hesabu hiyo. Hata hivyo hatujui ni wangapi kati ya milioni ile waliokubali neno la uraia usio na rangi, na ni wangapi waliomkubali Mwalimu tu, wakalipokea neno lake kama mtu anunuaye mbuzi apokeavyo na kamba.

Mwaka 1965 ulileta jaribio ambalo twalipenda zaidi. Nchi ilikuwa sasa ya chama kimoja kwa sheria, viti vya rangi vimeondolewa, na katika majimbo mengi sana TANU iliwasimamisha wanachama wake wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Ilikatazwa mgombea yeyote kujisifu au kumshambulia mwenzake kwa kabila, dini au rangi. Mkutano wa wilaya ulipendekeza majina, na Halmashauri Kuu ya chama ikachagua wawili. Basi mlango ulikuwa bado wa chama, lakini ndani ya mlango palikuwa na watu wawili, na mwananchi ndiye aliyechagua mmoja. Waziri wa Fedha, Bwana Paul Bomani, alianguka Mwanza. Bwana Bryceson alichaguliwa Dar es Salaam, na Bwana Amir Jamal, Mwasia mzaliwa wa Mwanza, alichaguliwa Morogoro. Wapiga kura wao walikuwa Waafrika karibu wote. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza twaweza kujibu swali letu bila kigugumizi. Bwana Jamal ni mjumbe wa nani? Wa Morogoro. Wangeweza kumkataa wakamchukua mwingine, nao wakamchagua yeye.

Jibu hilo ni zuri, na lina gharama yake. Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa. Sheria haikutaja rangi popote, lakini kila mtu alijua majumba ya mijini ni ya nani kwa wingi. Familia nyingi za Kiasia zilipoteza akiba ya baba na babu, na nyingi zikafunga virago kwenda Kanada na Uingereza. Bwana Jamal alikuwa Waziri wa Fedha. Hatumlaumu, alikuwa wa Morogoro na wa nchi, wala hakuwa wa Upanga na Kariakoo. Lakini mjane wa Kiasia aliyekuwa na nyumba moja ya ghorofa, akiishi chini na kupangisha juu, ambaye sheria ilimhesabu pamoja na matajiri, alikwenda kwa mjumbe gani? Kwa mbunge wa jimbo lake, bila shaka. Naye alikuwa amepita katika mlango ule ule wa chama kilichotaka sheria ile. Kulindwa usibaguliwe ni jambo moja, na kuwa na mtu wa kukusemea ni jambo lingine. Twaogopa kwamba tulipofurahia la kwanza, tulilisahau la pili.

Wako watakaotujibu: basi, kila rangi na iwe na chama chake, kila mtu asemewe na wa kwao. Tunawaomba wavuke maji waende Unguja, wakasome habari za miaka ile. Huko hapakuwa na viti vya rangi kama vyetu. Vyama vyenyewe viligeuka kuwa majina ya rangi na nasaba midomoni mwa watu, ijapokuwa Hizbu ilikuwa na Waafrika wengi ndani yake na Afro-Shirazi ilijiita kwa majina mawili. Siku za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Mwezi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, nao wengine wakaunda Serikali. Katika nchi ambayo chama ni chama tu, aliyeonewa kwa mipaka ya majimbo hungoja uchaguzi ujao. Mahali ambapo chama kimekuwa damu, kushindwa kwa hesabu huonekana kuwa utumwa. Ya Januari 1964 yajulikana, na maelfu waliouawa, wengi wao Waarabu, hawakuulizwa walimpigia nani kura.

Na asidhani mtu kwamba huo ni ugonjwa wa visiwani peke yake. Katika Marekani ya leo watu weusi wa Kusini humpigia Demokrati kwa wingi mkubwa, na weupe wa huko humpigia Republican. Kwa hiyo chama kinachotawala jimbo kikichora mipaka ya majimbo ya uchaguzi, chaweza kusema kimetenganisha vyama, kumbe kimetenganisha rangi. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu yao ilisema mahakama za taifa hazitaamua malalamiko ya mipaka iliyochorwa kwa faida ya chama. Mwaka 2023 iliamua kwamba Alabama, ambako zaidi ya robo ya watu ni weusi na jimbo moja tu kati ya saba lilikuwa na weusi walio wengi, ilivunja sheria ya haki ya kura ya 1965. Na katika uchaguzi wa 2024 jimbo la pili likamchagua mtu mweusi, Shomari Figures. Mwaka huo huo wa 2024, katika kesi ya South Carolina, Mahakama ikasema anayelalamika lazima aonyeshe kwamba ni rangi, si chama, iliyomwongoza mchoraji. Rangi na chama vikiwa vitu viwili katika mwili mmoja, mtu atavipasuaje? Watu wa Texas waliambiwa mwaka 1935 kwamba ni shauri la chama. Twalisikia neno hilo tena.

Kwetu sasa vyama ni vingi tangu 1992, wala hakuna kadi ya rangi. Wananchi wa Singida Mjini walimpeleka Bungeni Bwana Mohammed Dewji kwa miaka kumi, 2005 hadi 2015, na hatukumsikia mtu akiuliza kama yeye ni mjumbe wa Wahindi wa Singida, ambao ni wachache. Hilo ni tunda la 1965, na ni tunda jema. Lakini mjane yule wa 1971, au mjukuu wake, au mtu wa kundi lolote dogo ambalo hakuna chama kinacholihitaji, akitaka leo kusimama mbele ya jirani zake na kuwaambia "nitumeni mimi," ataulizwa kwanza: barua ya chama iko wapi? Katiba yetu yamtaka kila mgombea apendekezwe na chama cha siasa. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga kanuni hiyo mahakamani kwa miaka karibu ishirini. Mahakama Kuu ilimkubalia. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema hilo ni shauri la Bunge. Na tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kumzuia mtu asigombee bila chama ni kumnyima haki yake, ikaiagiza Tanzania irekebishe. Bunge lililoulizwa lina wajumbe ambao karibu wote wameingia kwa barua hiyo. Katika uchaguzi wa 2015 barua ilitakiwa, na katika uchaguzi wa 2020 ilitakiwa vile vile.